Fomu ya Ushauri Iliyogeuka Posa

Nilirudi kutoka semina ya Shinyanga na bunda la fomu lililofungwa kwa kamba ya katani. Shule yetu, upande wa Geita, ilikuwa imechaguliwa pamoja na nyingine chache kujaribu mpango mpya wa ushauri nasaha wa kufuata viwango. Hadi wakati huo, kwetu ushauri ulikuwa ni mwalimu wa nidhamu kukuita ofisini, kukushauri, kisha kukuchapa. Sasa kila ushauri ulitakiwa uwe na lengo, shahidi, sahihi na matokeo, na muhula uliofuata wangekuja kutukagua.

Kwenye semina niliuliza nani aliyeviweka viwango hivyo, na kama amewahi kufundisha shule ambayo ofisi yake haina mlango. Mwezeshaji alitabasamu. "Mwalimu, andika swali lako kwenye karatasi, tutalijibu mwishoni." Mwishoni tulikunywa soda tukaagana.

Mkuu wa shule alipopata habari, aliamua kwamba anayeuliza sana ndiye atakayeusimamia mpango. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo kikuu, na kukataa kungeingia kwenye faili langu. Nikaandika viwango kwa kalamu nene kwenye manila, nikavibandika ukutani. Kimojawapo kilisema: Mshauri hatamficha mzazi ukweli.

Mwanafunzi wa kwanza kuja kwangu kwa hiari alikuwa msichana wa kidato cha nne. Alifika stoo nikihesabu chaki, akasimama kwenye kizingiti.

"Mwalimu, wameshakuja mara mbili."

"Akina nani?"

"Washenga wa mnunuzi mmoja wa dhahabu wa Rwamgasa. Wakija mara ya tatu baba anakubali. Mtihani sitafanya."

Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki saba. Nilipekua fomu zangu. Kiwango cha nne kilitaka mshauri amtembelee mzazi nyumbani, akiwa na shahidi mtu mzima, amuulize maswali yote, kisha mzazi atie sahihi. Kwa mara ya kwanza niliona karatasi zile zinaweza kufaa kitu.

Shahidi wangu alikuwa mwalimu wa kilimo, Msukuma aliyekaribia kustaafu, asiyetoka bila kofia. Jumamosi, kabla hatujapanda baiskeli, aliniuliza, "Hayo maswali umeyasoma?"

"Mara kumi."

"Haya, twende."

Tuliwakuta baba, mama na shangazi wa msichana. Mwenzangu alisalimia kwa Kisukuma, mwadila na marefu yake yote, habari za mvua, za pamba, za mifugo. Mimi kwetu ni Ushirombo, nimekulia bweni la masista, na Kisukuma changu kiliishia kwenye salamu. Nilipopewa nafasi nikafungua fomu na kusoma kwa sauti ya kazi.

"Je, kuna ugonjwa wowote katika ukoo?"

Mama na shangazi walitazamana. "Kifafa hatuna," mama alisema haraka. "Wala ukoma. Ulizeni majirani wote."

"Nyumbani anapenda kazi gani?"

"Huyu? Analima, anatwanga, maji anachota kabla ndege hawajaamka."

"Na mdomo hana," shangazi aliongeza. "Si kama hawa wasichana wa siku hizi." Akaniangalia suruali.

Wakamwita msichana alete maji ya kunywa. Alipiga magoti akanipa kikombe kwa mikono miwili. Macho yake yalinitazama kwa namna niliyodhani ni haya.

Nilipofika swali la nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu maisha ya mwanafunzi, baba alijikohoza. "Ni mimi. Na wewe kwenu ni wapi?"

"Ushirombo, mzee."

"Ng'ombe mnao?"

"Wachache."

"Kaka unaye?"

"Mmoja. Yeye bado anasoma."

"Anasoma!" Alimgeukia mwenzangu kana kwamba amepewa zawadi. "Na binti mnataka amalize kwanza?"

"Lazima afanye mtihani," nilisema kwa nguvu zangu zote. "Hilo ndilo tunalolitaka kuliko yote."

"Hawa sasa ndio watu," alisema, akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye fomu. Tulipoondoka kuku alikuwa amefungwa kwenye keria yangu.

Tulipovuka korongo mwenzangu alishuka kwenye baiskeli, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mwalimu, unajua ulichofanya? Umemposea kaka yako."

"Nimefanya nini?"

"Umekuja na mzee, umeuliza magonjwa ya ukoo, umeuliza kazi, umemwangalia binti. Dada wa mwanamume hufanya nini kingine?"

"Kaka yangu yuko seminari! Anasomea upadre!"

"Basi umemposea padre."

"Mbona hukunizuia?"

"Niliambiwa nije kushuhudia. Nimeshuhudia."

Nikageuza baiskeli. Aliushika usukani, na kicheko kilikuwa kimeisha. "Ukirudi sasa hivi ukasema, wale wa Rwamgasa wakija wanapokelewa. Ukinyamaza, binti anafanya mtihani. Mimi sikuchagulii."

Nilinyamaza. Mimi niliyekuwa nikibishana chuoni kwamba mila ya kuwagawa wasichana inapaswa kupingwa waziwazi, nilijificha ndani ya mila hiyohiyo. Jumatatu msichana alikuwa darasani. Nilipomwita nimweleze, alinikatiza.

"Najua, mwalimu. Shangazi ananiuliza kama wifi ni mkali."

"Itabidi nimwambie baba."

"Mwambie nikimaliza karatasi ya mwisho. Nakuomba." Kisha akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekuja kushauriwa. "Usiogope. Baba akishakubali neno, habadilishi."

Hilo ndilo lililoniogopesha. Kila baada ya wiki mbili mzee alifika shuleni na kibuyu cha maziwa, akakaa ofisini kwangu chini ya ile manila, asiyeweza kusoma alichokiegemea. "Msomi wetu hajambo?" aliuliza. Nilijibu hajambo, na kwa kweli kaka yangu hakuwa na jambo lolote. Aliniambia amewarudisha watu wa Rwamgasa mbele ya wazee. Wakati huohuo barua ilitoka Shinyanga: fomu yangu imesomwa kwa shule nyingine kama mfano mzuri wa kumshirikisha mzazi.

Siku karatasi ya mwisho ilipokusanywa nilikwenda peke yangu. Niliongea nikiwa nimesimama. Nilieleza fomu, viwango, semina, kaka yangu na seminari. Mama alishika kichwa. Baba hakupandisha sauti.

"Wiki zote hizi umekunywa maziwa yangu ukijua."

"Ndiyo, mzee."

"Wale nimewafukuza. Hawatarudi, na wengine wakisikia watauliza huyu aliachwa kwa nini. Niwaambie nini? Karatasi?"

Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono.

"Ulisema unataka asome kuliko yote. Nilikubali neno lako. Mchukue, umsomeshe. Mimi binti wa kurudishwa sina."

Nilimwambia ninaishi chumba kimoja. Nilimwambia matokeo yangechukua miezi, na huenda asichaguliwe kwenda popote. Alikuwa ameshaondoka kuelekea zizini. Msichana alitoka ndani na sanduku la bati, tayari amevaa viatu, na sikujua alikuwa amelifunga tangu lini.

Tulikokota baiskeli kwa sababu sanduku lilijaa keria nzima. Njiani alianza kuimba taratibu. Nilimuuliza kama hana huzuni.

"Ninayo," alisema. "Kwako kuna taa? Nataka kuanza vitabu vya kidato cha tano."

Nilimwambia kuna kibatari. Nikaanza kufikiri tutalalaje, wawili, kwenye kitanda cha futi tatu.