Bibi Aliyekataa Kushuka

Nikisikia mtu anapeta ulezi, ile shwa, shwa ya ungo, masikio yangu huwaka moto mpaka leo, na mimi ni mtu mzima mwenye ajira yangu. Nitawaambia kwa nini, ila msinicheke sana.

Nilikuwa kidato cha pili hapa Sumbawanga, nikiishi Mollo na bibi mzaa baba. Shuleni akaja mwalimu wa kompyuta kutoka Mbeya, Mwalimu Ambwene, kijana mwenye sweta moja la kijani na subira ya ng'ombe wa plau. Akatuanzishia klabu ya kutengeneza michezo ya kompyuta, ile ya picha bapa: mtu anakwenda kushoto, kulia, anaruka, basi. Kila kipindi alituimbia wimbo uleule, kwamba kwenye kioo cha kompyuta sifuri iko juu; ukitaka kitu kishuke, jumlisha, ukitaka kipande, toa. Sisi tuliozoea grafu za hisabati tuliona dunia imepinduliwa.

Wenzangu walitengeneza magari na mipira. Mimi nilimtengeneza bibi. Nilimchora na kitenge chake na ungo wake, punje za ulezi zikidondoka kutoka juu, yeye akizikinga. Siku ya wazazi ilipokaribia nikamtambia kwamba atajiona ukutani. Akaja na kitenge cha kanisani, akakaa kiti cha mbele kabisa, akinuka sabuni.

Asubuhi hiyohiyo kiherehere kilinishika. Nikaongeza kitu: bibi aruke kidogo adake punje za juu, kisha ashuke. Sikujaribu hata mara moja.

Projekta ikawashwa. Bibi wa ukutani akaenda kushoto, akaenda kulia, wazazi wakapiga makofi. Nikabonyeza aruke, akaruka. Halafu, badala ya kushuka, akaendelea kupaa taratibu na ungo wake, akaipita nyumba niliyoichora, akafika mawinguni. Nilikuwa nimetoa pale nilipotakiwa kujumlisha.

Na mnajua sifa ya uchawi tuliyobandikwa watu wa Sumbawanga. Bibi kizee, ungo, angani! Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe ndiyo usafiri wao!" Wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Nilibonyeza kila kitufe. Aibu niliyoiona, jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzimamzima.

Bibi hakucheka. Aliinama mbele, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nishushe, mjukuu wangu."

Sikuweza. Mwalimu ndiye aliyechomoa waya.

Washikaji waliniita Rubani muhula mzima, nami nililia kwa ajili ya jina hilo, nikidhani aibu yote ilikuwa yangu. Bibi hakunigombeza. Ila ulezi ulipovunwa, hakupeta tena uani kama zamani, pale upepo wa kipupwe unapochukua makapi bure. Alipeta ndani, mlango umefungwa, vumbi likimkohoza mpaka machozi. Nilipomuuliza, akasema upepo wa mwaka huu ni mkali. Nikaamini, upepo wa huku kwetu Ufipa ni mkali kweli.

Nilikuwa mkubwa nilipokuja kuambiwa na jirani, akicheka kana kwamba ni kisa cha kuchekesha, kwamba siku zile watoto wa mtaa wakimwona bibi ameshika ungo walikuwa wanakimbia, na mama zao wanawaita waingie ndani. Bibi alikuwa ameshazikwa. Niliona aibu upya, na safari hii hapakuwa na waya wa kuchomoa.

Siku hizi klabu ile naifundisha mimi. Kabla mwanafunzi hajamrusha mtu yeyote juu, nataka kwanza anionyeshe atakavyomshusha. Wananung'unika kwamba mwalimu ana mambo ya kizee. Nawaacha wanung'unike, nasimama nyuma yao hadi miguu ya yule mtu iguse chini.