Adui wa Fundi Viatu
Jirani wa mlango wa pili aliapa kwamba fundi viatu ana mgeni, tena wanatukanana kutwa. Nilipompelekea kandambili za mwanangu, nilimkuta peke yake na ubao wa mchezo wa vita vya ndege. Akikalia kigoda ni rubani wetu. Akihamia kiti, ni adui. Kidole chake chenye gundi kilitambaa kwenye sheria: mchezaji akiwa peke yake, adui huifuata ndege iliyo karibu. Zake mbili zilizobaki zilikuwa umbali sawa kutoka kwa adui, na moja inaungua.

“Hii inayoungua adui ataiacha. Ana utu.”

Akahamia kiti. “Utu vitani? Nani kakudanganya?”

Akarudi kigodani akihema, akanigeukia. “Mama, hebu kaa pale uwe adui. Mimi najionea huruma.”