Nguo Saba kwenye Ukuta wa Bukiriro

Modestus wa Rulenge alikuwa mwandishi wa mabango, na mkono wake ulinyooka kuliko tabia yake. Wanasema siku moja aliandika neno DUKA juu ya mlango wa chumba kitupu, na kabla rangi haijakauka wateja watatu walikwisha kupanga foleni wakiomba chumvi. Mwenye chumba alikusudia kufuga kuku humo. Ikambidi akatafute chumvi. Anayebisha na abishe. Chumba kipo, na kuku hakuna.

Herufi alifundishwa na bruda mmoja wa misheni, seremala, mtu asiyeweza kuvumilia O iliyolala ubavu. Kwa miaka ishirini Modestus aliandika majina ya maduka, namba za madarasa na misalaba ya marehemu. Halafu ukaingia mwaka wa tisini na nne, wakimbizi wa Rwanda wakavuka daraja la Rusumo na kujaza kambi kwa wingi ambao hata mwongo mzoefu hawezi kuuongezea kitu. Nyuma yao yakaja mashirika ya misaada, na kila shirika lilitaka bango. Mabango yakastawi kando ya barabara kuliko mihogo. Mwaka ule Modestus alikula vizuri. Alijua pia kwa nini anakula vizuri, na jambo hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliyeugusa mwiba huo alikuwa Clotilda, mjane wa Bukiriro. Yeye na kina mama wenzake watano walikuwa wakilea watoto saba waliookotwa njiani, waliopotezana na watu wao katika msukumano ule. Alimkuta Modestus nje ya kanisa Jumapili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama."

"Shirika lililofika juzi lina bango lako. Sisi tumelea mwaka mzima, hatuna hata ubao wa kukatia mboga. Au brashi yako haipandi kilima cha kwetu?"

Modestus alicheka, lakini kicheko hakikushuka. Akaanza kufikiri habari ya msaragambo. Kila kijiji kilipoitisha msaragambo, watu wakatoka kulima barabara au kuchimba kisima, mafundi wa rangi walipewa majembe kama wengine, na kwa jembe walikuwa watu wa hovyo kabisa. Hakuna aliyewahi kuwaambia waje na brashi. Basi Modestus akawaendea wenzake wawili, Desderius na Idefonsi. Wakakubaliana kutoa Jumamosi moja, kutwa nzima bila malipo, kila mmoja kwa kikundi kimoja kisicho na uwezo. Desderius akaenda kwa walemavu wanaosuka vikapu. Idefonsi akaenda kwenye darasa la watoto wadogo. Modestus akapanda Bukiriro na baiskeli, ubao mgongoni.

Clotilda hakumkaribisha kwa maneno mengi. Alimwonyesha mtoto wa kike wa miaka minne hivi, amekaa kizingitini akimenya maharage.

"Huyu anaitwa Uwimana. Akina Uwimana kambini ni wengi kama kuni. Ukimuuliza baba yake nani, anasema Baba. Kwenu wapi? Kwetu. Sasa wakubwa wamesema, watoto ambao ndugu zao hawatapatikana mpaka mwisho wa mwezi watapelekwa kituo cha mbali, kupita Biharamulo. Akienda huko, wa kwake hawatamfikia kwa miguu. Nataka watu wanaopita njia hii wajue yuko hapa. Ni hilo tu."

Njia hiyo ilipita mbele ya nyumba. Wanawake wa kambini waliitumia kila siku, wakienda kulima kibarua kwa wenyeji ili wapate ndizi.

Modestus alifanya kazi kama anaandika jina lake mwenyewe. Kufika adhuhuri bango lilisimama juu ya nguzo, herufi nyeupe juu ya buluu: KIKUNDI CHA AKINA MAMA WALEZI WA WATOTO WALIOPOTEZANA NA WAZAZI. Siafu wangeweza kuufuata mstari wake wakidhani wenzao wametangulia. Akanawa, akaketi na kina mama kula ndizi na maharage, akisubiri sifa.

Wakatokea wanawake wanne wenye majembe. Walipoliona bango walisimama. Wakanong'onezana. Kisha wakaiacha njia, wakakatiza kwenye mtama wa watu, wakatokea mbali kule chini. Baada ya muda wakaja wengine wawili, nao wakaingia mtamani.

Niragira, bibi mmoja wa kikundi, Mrundi aliyehamia huku tangu mwaka wa sabini na mbili, aliweka tonge chini.

"Fundi, wamezikimbia herufi zako."

"Kwa nini? Imeandikwa akina mama walezi."

"Nani kati yao amesoma? Mimi mwenyewe nilidhani umeandika bei ya ng'ombe. Mtu aliyetoka kambini bila kibali akiona ubao umesimama kwa mguu mmoja, anajua hapo ni ofisi. Na penye ofisi pana askari. Kadiri unavyoandika vizuri ndivyo wanavyokimbia. Ungeandika vibaya kidogo, labda wangesogea."

Kina mama wakainamia sahani zao wasionekane wakicheka. Modestus hakucheka. Alitazama kazi yake, safi kuliko zote alizofanya mwaka ule, akaona wazi kwamba ingemficha yule mtoto kuliko kichaka. Angeweza kuondoka; siku aliyoahidi aliitoa, na bango alilitoa. Akainuka, akaling'oa, akalilaza nyuma ya nyumba, maandishi chini.

"Bibi," akamwambia Niragira, "mama aliyepotelewa na mtoto hutafuta nini kwa macho?"

"Nguo. Uso hubadilika kwa njaa. Lakini nguo aliifunga vifungo yeye mwenyewe asubuhi ile."

Clotilda aliposikia hivyo aliingia ndani, akatoka na furushi. Humo zilikuwemo nguo ambazo watoto walikuja nazo, zimefuliwa, zimechanika, hazifai kuvaliwa tena. Kuzianika uani haikufaa, maana mvua ingezimaliza na kitambaa hata kibovu hakikai siku mbili kwenye kamba bila kuibwa. Lakini ukuta wa nyumba ulielekea njia.

Kina mama wakakanda samadi ya ng'ombe na udongo, wakausiriba ukuta kwa viganja, wakaupaka udongo mweupe. Jua kali la mchana likaukausha. Modestus akasimama mbele yake, akachovya brashi, akairudisha kwenye kopo.

"Mimi ni mtu wa herufi. Sijawahi kuchora hata jani."

"Bango lako tumelikataa, jani lako tutakataa nini?" akasema Niragira. "Paka."

Akapaka. Shati la kaki lisilo na mfuko. Sweta ya kijani iliyofumuka mkono. Kitenge chenye ndege weusi. Nguo ya Uwimana ilikuwa gauni la njano lenye miavuli myekundu, na mwavuli wa kwanza ulitoka uyoga, watoto wakamcheka mpaka wa tatu ulipopata mpini. Jua lilipozama, nguo saba zilikuwa ukutani, kila moja na ukubwa wa mtu mzima.

Siku ya nne, mwanamke mmoja mrefu akatua mzigo wa kuni katikati ya njia. Alilishika gauni la njano pale ukutani kwa vidole. Uwimana akaletwa. Yule mama akamtazama, kisha akaketi chini.

"Si wangu," akasema. "Wangu tulimzika njiani, amevaa hii hii. Lakini kitambaa hiki kilikuja jora moja tu, kwa muuzaji mmoja, sokoni kwetu. Huyu ni mtoto wa mlima wetu."

Kambini watu walipangwa kwa tarafa walizotoka, kwa hiyo alijua pa kuuliza. Zikiwa zimebaki siku tatu mwezi uishe, alirudi na mzee mwenye fimbo, Niyibizi. Modestus alikuwepo; siku hizo Bukiriro ilikuwa kila mara njiani mwake, hata alipokuwa akienda kwingine.

Mtoto alijificha nyuma ya Clotilda. Mzee hakumvuta. Aliketi kwenye kizingiti, akalaza fimbo magotini, akangoja mpaka sauti ndogo ikamuuliza, kwa lugha ya kwao:

"Mbuzi wetu yuko wapi?"

"Tulimla, mjukuu wangu. Tulikubakizia mguu, lakini njia ilikuwa ndefu."

Mtoto akafikiri. Akatoka nyuma ya kanga.

Mzee na mtoto walipokwisha kwenda, Modestus akatwaa ndoo ya udongo mweupe. Gauni lile lisingeweza kubaki, maana lingeendelea kuwaita watu wa jora lile wakija bure kutoka kambini.

"Ngoja, fundi," akasema Clotilda. "Nipishe."

Hakutaka brashi. Alichota samadi laini kwa kiganja, akaanza kufunika mwavuli mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Modestus hakujua pa kuweka mikono yake. Ulipobaki mmoja, Clotilda akasita.

"Na huo," akasema Niragira.

"Nimeuona," akasema Clotilda, akaufunika.