Lakiri ya Kampuni na Senene wa Mama

Bora niseme mwenyewe kabla hujasimuliwa na mtu wa stendi ya Kayanga, maana yule ataongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyesimama mbele ya wenye maduka ya dawa wa Karagwe na Kyerwa, nimevaa suti ya kijivu ya kushonesha, nikatangaza "sasa ubora mtauona kwa macho yenu", na ubora ukaruka. Uliruka kwelikweli, kwa mabawa. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, ila fundi wa ukumbi ule alimwaga zege la haki na halikupasuka hata ufa.

Kazi yangu ni kuuza dawa. Mimi ni afisa mauzo wa kampuni kubwa, ile yenye viwanda na maabara na kijitabu cha kurasa nyingi chenye picha za watu waliovaa barakoa wakitabasamu (nilijuaje wanatabasamu? Macho yalionyesha). Wakati huo nilikuwa bado wa majaribio, mwezi wa mwisho kabisa, na bosi wangu, Bwana Mhina, meneja wa kanda, alikuwa ameniambia kwa simu kutoka Mwanza: Karagwe na Kyerwa wananunua kwa wengine, ukiwapata, mkataba wa kudumu ni wako, ukiwakosa tutakushukuru kwa muda wako. Mimi kushukuriwa kwa muda wangu nilijua maana yake. Maana yake ni kurudi Kiruruma kupalilia migomba, na hapo Mama keshawatangazia waumini wote wa usharika wetu, kuanzia mchungaji mpaka wapiga kayamba wa kwaya, kwamba Kemilembe wake sasa ni mkubwa wa dawa.

Kampuni yetu ina utaratibu wake ambao hauna mjadala. Ukimaliza kuwaelezea wateja sisi ni nani, unaweka mbele yao boksi la sampuli lililofungwa kwa utepe wa bluu wenye nembo, tunauita lakiri, kisha unamwomba mgeni mwenye heshima kuliko wote akate lakiri kwa mkono wake, ili kila mtu ashuhudie kwamba kilichofungwa ndicho kinachofunguliwa, hakuna mjanja aliyepitisha mkono njiani. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi utaratibu huo mbele ya kioo wiki nzima.

Sasa sikiliza nilivyojiloga. Bosi alifika Bukoba akalala, tukapanga asubuhi twende Kayanga kwa gari la kampuni. Na asubuhi hiyo, msimu wenyewe ndio ule, napita sokoni nakuta senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wamejaa, wazima, wa kijani wanang'aa, muuzaji anawachota kutoka kwenye gunia. Niambie, ungepita? Mama yangu anapenda senene kuliko anavyonipenda mimi, na hali senene walionyonyolewa mabawa na mtu asiyemjua, anataka wazima, awanyonyoe mwenyewe kwa mikono yake. Na njia ya kwenda Kayanga ingetupitisha karibu na kwetu.

Tatizo ni kwamba gari la kampuni halibebi mzigo binafsi, si mkungu, si samaki, si kuku, na bosi ni mtu wa Tanga anayeziheshimu sheria hata zikiwa peke yake. Nikaona ujanja: nilikuwa na boksi tupu la kampuni, sawasawa na lile la sampuli. Nikatoboa vitundu chini, nikamwaga senene hadi juu, nikafunga kwa (Mungu anisamehe) lakiri ya bluu yenye nembo. Nikayapanga maboksi mawili nyuma ya gari kama mapacha. Nilijiona nina akili hadi nikajipongeza kwa chai na maandazi mawili.

Njiani bosi akatega sikio. "Kemilembe, hiyo sauti ya kukwaruza ni ya nini?"

"Ni barabara, bosi."

"Lakini hii ni lami."

"Lami ya huku ndivyo ilivyo, bosi," nikasema, naye akaandika kitu kwenye daftari lake.

Tulipokaribia kwetu mvua ikaanza, ile ya huku ambayo haibishi hodi. Mama, niliyekuwa nimempigia simu habari za senene na mkutano, alikuwa ananisubiri kando ya barabara chini ya mwavuli. Nikamwambia bosi namsalimia mzazi, dakika moja tu, nikamwonyesha dereva ampe Mama boksi moja la "vipeperushi vya usharika" (uongo wa pili, na saa tatu haijafika). Nilikuwa nimegeuka nyuma kitini, nikayasikia yale makwaruzo upande wa kulia nikamwambia dereva "la kulia", ila dereva alikuwa amezunguka nyuma ya gari, anaangalia kutoka kule, na kulia kwake ni kushoto kwangu. Uzito ungeniokoa, lakini sampuli ni nyepesi, na senene boksi zima si haba. Mama akalipokea, akaliweka kichwani, akaondoka zake anaimba. Kuanzia pale mvua ilipiga bati la gari kwa kishindo hivi kwamba hata boksi lingeimba tenzi tusingesikia.

Ukumbini walikuwa wamejaa. Wametoka Rugu, wametoka Nyakasimbi, wametoka Kyerwa kwa bodaboda wamelowa mpaka magotini, wenye maduka ya dawa na wauguzi wa zahanati, na katikati ya mstari wa mbele, mikono ameikunja, ameketi Ma Leokadia. Huyu ni muuguzi mstaafu mwenye duka Nyakasimbi. Amezalisha nusu ya watu waliokuwa mle ukumbini na ile nusu nyingine amewachoma sindano. Akinunua yeye, Rugu wananunua, na Kyerwa wanapiga simu kuuliza amenunua nini. Nikamwamkia shikamoo kwa kupiga goti hadi suti ikalalamika. Akaitikia "marahaba" na macho yake hayakutoka kwenye viatu vyangu.

Nikaanza, na niseme ukweli, niliwika. Nikasimulia jinsi kampuni ilivyoanzia chumba kimoja chenye mashine moja ya kubonyeza vidonge, na sasa ina viwanda vinavyofanya kazi bila kulala, ikiuza katika nchi ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Nikataja dawa zetu bila kusoma popote: za malaria, za bakteria, za presha na kisukari, za vidonda vya tumbo, za minyoo, za fangasi, maji ya kikohozi ya watoto yenye ladha ya ndizi (hapo wakacheka, ndizi tunazo), hadi mafuta ya macho. Nikaeleza kila fungu la dawa kiwandani linavyopimwa kabla halijatoka. Bosi akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeona kodi yake imefanya kazi.

Ndipo Ma Leokadia akanyoosha kidole.

"Wewe mwana, umesema vizuri. Kiwanda tumekielewa. Mimi nauliza barabara. Wa kabla yako naye alikuwa na kijitabu. Mvua ilipoanza akaniletea maji ya kikohozi, chupa nusu zimepasuka, maboksi yamelowa, nikaambiwa nipokee hivyo hivyo. Watoto wa Nyakasimbi wanakohoa mvua ikinyesha, hawasubiri kiangazi. Dawa yako inafika kwetu ikiwa dawa?"

Ukumbi mzima ukasema "eee". Hilo ndilo lilikuwa swali lao wote, na mkataba wangu ulikuwa umening'inia hapo hapo. Nami nikaona Mungu amenipa nafasi, utaratibu wa lakiri umeletwa duniani kwa ajili ya swali hili.

"Waitu Ma," nikasema kwa heshima ya kwetu, "nisijibu mimi. Boksi hili limetoka Bukoba leo, kwenye mvua hii hii. Naomba ulifungue wewe. Sasa ubora mtauona kwa macho yenu."

Mvua inagonga bati, hakuna anayesikia kitu. Ma Leokadia akakata utepe wa bluu taratibu, akainua vifuniko viwili, akainama kutazama.

Wa kwanza alimtua kwenye miwani.

Waliobaki walitoka kwa pamoja, rafiki yangu, wingu la kijani, wakaenda kwenye taa, kwenye mapazia, kwenye nywele za watu, kwenye kola yangu, kwenye mwanga wa projekta hadi nembo ya kampuni ukutani ikaota miguu. Bosi wangu, mtu wa Tanga, ambaye kumbe hajawahi kukutana na senene hata siku moja, alipiga ukelele ambao sitausahau akapanda juu ya meza na viatu vyake, anauliza kwa sauti nyembamba, "Hii ni hujuma? Kemilembe, hii ni hujuma?" Mimi nimesimama na rimoti mkononi, mdomo wazi, nimeumbuka mbele ya wilaya mbili kwa mpigo.

Ingekuwa mji mwingine wangekimbia. Lakini hapa ni kwetu. Ma Leokadia alivua miwani, akamchukua yule senene kwa vidole viwili, akamtazama kwa heshima, kisha akanguruma kama yuko wodini: "Fungeni madirisha! Asitoke hata mmoja!"

Basi mkutano ukageuka msako. Wauguzi wamevua mitandio wanatega, wenye maduka wamepanda viti, mzee mmoja wa Rugu mwenye fimbo amekuwa kijana, anaruka, kofia imejaa. Vijitabu vyetu vya kampuni vilikunjwa vikawa pakacha (vilitumika vizuri kuliko ambavyo vingesomwa). Muuguzi mmoja akauliza, "Jamani, boksi limeandikwa dawa ya minyoo, hawa watalika?" na mwingine akamjibu, "Watalika mara mbili!"

Kicheko kilipotulia kidogo bosi akaninong'oneza kutoka juu ya meza nitoe maelezo. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mficha senene, mabawa humuumbua. Nikaona nimeshachoka kudanganya siku hiyo, na mambo yamekwisha haribika, nikashika kipaza sauti.

"Ni senene wa Mama yangu. Niliwaficha kwenye boksi la kampuni kwa sababu gari haliruhusiwi kubeba mzigo wangu. Lakiri niliifunga mimi. Kiwanda hakina kosa, kosa ni langu."

Ma Leokadia akakunja tena mikono. "Na dawa ziko wapi?"

Nikatoa simu niliyokuwa nimeizima sauti. Mama alikuwa amepiga mara kumi na moja. "Ma," nikasema, "nahofia ziko kwenye kikaango."

Nilikuwa sijashusha kipaza sauti, mlango ukafunguliwa. Watu wakapiga kelele "funga, wanatoka!", na akaingia Mama, amelowa chapachapa, kitenge kimemganda miguuni, tope la bodaboda hadi kwenye nyusi, na mikononi amebeba furushi la majani ya migomba lililofungwa kwa kamba za mgomba.

"Kemilembe!" Hakusalimia mtu, na kwa Mama yangu hilo ni jambo kubwa. "Nimebandika kikaango, nimeita majirani, nakata utepe nakuta vidonge! Nimekukosea nini mimi? Bodaboda imetuangusha mara mbili, lakini nikasema kazi ya mwanangu haiwezi kuharibika kwa sababu ya tumbo langu."

Akalitua furushi mezani, karibu na viatu vya bosi. Ma Leokadia akasogea. Akafungua kamba, akafunua majani, chini yake boksi liko kavu kana kwamba limetoka stoo. Akatoa chupa moja baada ya nyingine, akizigeuza juu chini na kuzitikisa sikioni, akikagua vifuniko. Akapapasa pakiti za vidonge kwa ncha za vidole. Senene mmoja alikuwa anatembea kwenye pazia, hakuna aliyemfukuza.

"Haikupasuka hata moja," akasema. Akamgeukia bosi. "Shuka, mwanangu, hawaumi. Hizi mlizoleta kutuonyesha mrudi nazo, zimeshafunguliwa, hatuuzi. Lakini Nyakasimbi nitaagiza. Sharti langu moja. Mzigo wangu aulete huyu."

"Huyu?" bosi akauliza, kana kwamba kuna mwingine.

"Huyu. Mtu anayesema kosa ni langu mbele ya watu wote hawa, siku chupa ikipasuka hatanificha. Na mama yake anajua kufunga."

Wakapiga makofi, tena ya kusimama, na mzee wa Rugu akapiga fimbo chini akasema naye anaagiza. Fomu za oda nilizokuja nazo zilikwisha, watu wa Kyerwa wakaandika nyuma ya ratiba ya mkutano. Nililia, nikwambie nini, nililia na senene wangu kwenye kola. Na kabla ya kuondoka kila mmoja akamchotea Mama kiganja kimoja kutoka kofia yake na mtandio wake, hadi kitenge kikajaa kuliko boksi lilivyokuwa. Bosi alionja jioni ile ile, jikoni kwa Mama, amefumba macho. Alipoyafumbua aliomba sahani.

Mkataba nikaupata Ijumaa, pamoja na barua ya onyo ya ukurasa mmoja kuhusu matumizi ya lakiri. Vyote viwili nimeviweka kwenye fremu moja. Nimeapa, na hiki ni kiapo cha mtu mzima, sitafunga tena kwa nembo ya mtu kitu ambacho si chake, na mzigo wa Mama unasafiri kwa basi, kwenye gunia, kwa jina lake.

Ila jina langu huku limekwisha. Jana tu Ma Leokadia kapiga simu: "Wewe wa senene, niletee maji ya kikohozi maboksi sita. Njoo mapema, nitayafungua mwenyewe. Na madirisha nimeshafunga, ikiwa tutabahatika."