Siku Nilipouosha Mchanga wa Kituo cha Afya

Wakati wa vita, bomba la maji la mtaa wetu wa Bagira lilikauka kwa majuma. Chemchemi ya karibu tuliyobaki nayo ilikuwa mteremkoni, chini ya vyoo vya watu waliokimbia vijiji vyao, na maji yake yalinuka mkojo. Barabara zilifungwa, makaa ya kuchemshia hayakupatikana. Muuguzi wa uzazi wa kituo cha afya, mama wa rika la binti yangu wa kwanza, akatengeneza mapipa ya mchanga ya kuchujia maji hayo, akanikabidhi mimi, shemasi, niyatunze.

Alinieleza taratibu. Juu ya mchanga huota utelezi wenye vijidudu, navyo ndivyo vinavyokula amonia ya ule mkojo. Amonia ikibaki, javeli, dawa ya klorini tunayotia mwishoni kwenye maji yaliyochujika chini, huishiwa nguvu, na waliojifungua wanakunywa maji ya kuwaharisha. Niliitikia kila neno. Nimefundisha katekisimu miaka mingi; kuitikia nakujua.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilifunua pipa, nikaona utando wa kahawia. Niliona haya kwa niaba ya kanisa zima. Nikawaza: ikiwa javeli inafaa chini, juu itafaa zaidi. Nikasugua huku nikiimba, nikamimina chupa nzima. Mchanga uling'aa kama meno ya bwana harusi.

Jumatatu maji yalinuka kama zamani. Muuguzi aliuliza nani ameosha mchanga. Nilijibu kwa fahari, kabla sijamtazama usoni.

"Papa, umeua wafanyakazi wangu wote," akasema, akiniita baba kama kwetu tunavyowaita wazee. "Hata haukuwaombea."

Wodini walikuwamo wanawake wanne na watoto wachanga. Vijidudu havifufuki kwa amri. Vinarudi vyenyewe, kwa wakati wao. Basi nikawa nabeba bidoni, madumu ya maji, kutoka chemchemi safi ya mbali, ya bonde la pili, nikipanda kilima kwa kuhema, na wanawake njiani wakiuliza kama shemasi ameoa mke wa pili, hata anamchotea maji. Mimi mhubiri wa subira nilikwenda kunusa pipa asubuhi, mchana na jioni.

Juma la tano muuguzi alinusa, akatia javeli, akangoja, akanusa tena. Harufu ya javeli haikupotea; dawa ilikuwa bado na nguvu. Akampa kikombe mama aliyejifungua alfajiri, naye akakinywa chote. Nilimshukuru Mungu, kisha nikauliza kama ninaweza walau kufuta vumbi kwenye mifuniko.

"Papa, wewe utuombee tu," akasema. "Mikono ibakie mu mufuko."