Ndoana Isiyo na Jino

Wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikilalamika kuhusu lifti ya jengo letu hapa Malaz, Riyadh. Leo lifti naiacha. Nimepata habari kutoka Jeddah kwamba mtu aliyenifundisha kuvua samaki amefariki. Ujumbe wa sauti ulitoka kwa jirani yake kule mtaa wa Karantina, dada mmoja Mkenya anayepika kwenye nyumba za watu. "Kaka, Mzee wa Mikia ametuacha. Ameanguka tu asubuhi akivaa viatu. Tumemzika baada ya alasiri, halas, imekwisha. Hata hajaaga mtu." Niliusikiliza tena na tena nikiwa nimesimama jikoni, chai ikapoa. Nimeumia, na sioni sababu ya kuzungusha maneno.

Jina hilo alilipata kwa sababu kila baada ya Idi ya kuchinja alizunguka kwa wachinjaji akiomba mikia ya mbuzi. Kuna waliomdhania mganga. Kumbe alikuwa akitengeneza chambo. Aliokota gereji vile vipande vya risasi vya kusawazisha magurudumu, akaviyeyusha na kuvimimina kwenye shingo ya ndoana, kisha akafunga manyoya ya mkia kwa uzi mwekundu. Kikiwa kikavu ungedhani ni brashi ya kunyolea ndevu. Kikiingia majini manyoya yanafunguka na kuchezacheza, na kolekole anakiona dagaa. Mimi ni mtoto wa Dodoma, samaki nilimjulia kwenye sufuria. Nilikwenda Jeddah kikazi, Ijumaa asubuhi nikamkuta kwenye mawe ya ufukweni, kusini mwa mji, nikaomba kujaribu. Nikawa nauvuta ule mshipi bila kupumzika.

"Bwana wee, wateka maji kisimani?" akaniuliza kwa Kimombasa chake. "Ukishakiinua, kiache kishuke. Samaki huja pale kinaposhuka. Lakini mshipi usilegee, ufuate kwa mkono."

Tangu hapo kila safari ya Jeddah nilimpitia. Siku niliyomnasa kolekole wangu wa kwanza nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Nikageuka kumringia mwalimu, mshipi ukalegea, samaki akaenda zake. Kuitazama ndoana, kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki kuchomoka kilikuwa kimesagwa kwa tupa. Nilikasirika, nikamuuliza ni uvuvi gani huo.

"Sipendi kitu kiingiacho kikakataa kutoka," akasema. "Ukimtaka samaki, mshike kwa mkono wako. Ukisinzia, naye apate njia."

Ndipo akanieleza habari zake. Alikuja Saudia kuwa dereva wa familia moja, akamwacha mkewe mjamzito. Alipoomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto, kafili wake, yaani bosi aliyemdhamini kuingia nchini, alimwambia kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Alipozidi kuomba, kafili akaripoti kwamba dereva wake ametoroka, ilhali dereva mwenyewe alikuwa amelala chumba cha madereva nyuma ya nyumba ileile. Ikama, kile kibali cha kuishi, ikafa. Pasi ya kusafiria ikabaki kwenye droo ya bosi. Kazi halali hakuna, uwanja wa ndege hakuna, basi akaishi kwa mikia na samaki. Binti amekua, na kila Ijumaa alimuuliza kwenye simu, "Baba, waja lini?" Naye akamjibu, "Karibu, mwanangu."

"Na wewe," akanigeukia, "pasi yako i wapi?"

"Ofisini," nikamjibu. "Wanatuhifadhia kwa usalama."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hata yangu i salama sana, ndugu yangu."

Maneno hayo nilirudi nayo Riyadh, yakanikera kama mwiba wa samaki kooni. Sisi wenye mikataba na viyoyozi tunapenda kujitenga na watu wa Karantina na wa Manfuha, mtaa wa wasio na vibali hapa Riyadh. Tunawaita "wenzetu wale", tunawachangia sadaka, tunasikitika. Bosi wangu si mtu mbaya. Mshahara unaingia kwa wakati, na Ramadhani hutuletea tende. Ndiyo maana sikuwahi kuona kitu. Ndoana haikuumi mpaka siku unapotaka kugeuka. Yule mzee aligeuka kwa ajili ya mtoto mchanga, na sasa mtoto huyo, msichana mzima, amebaki na sauti ya baba yake kwenye simu tu.

Fundisho alilonisomesha ni hili, na walio na wafanyakazi wa ndani huko nyumbani walisikie pia. Ukitaka mtu akae kwako, mshike kwa haki yake na kwa maneno mazuri, na mlango usiufunge. Akibaki, utajua amependa kubaki.

Siku ya pili baada ya msiba nilikwenda kwa karani wa ofisi yetu kuomba pasi yangu. Akaniuliza kama nasafiri. Nikamwambia sisafiri. Akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamwambia msiba uko Jeddah, na umeshazikwa.

"Sasa pasi ya nini?"

"Nataka nikae nayo."

Akanitazama kwa huruma, akanimiminia kahawa, akasema, "Bukra, inshallah," yaani kesho, Mungu akipenda.

Leo asubuhi nimekwenda tena. Amenimiminia kahawa.