Amonia ya chungwa na ndimu tatu, na jina nililolificha

Wakuu, habari za saa hizi. Haya yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi, na wala hayanijengei sifa.

Miaka ile ya Ujamaa nilisoma sekondari hapa mjini. Hata chaki tuligawana, usiniulize kuhusu modeli za kemia.

Mwalimu akatupanga wawili wawili, tutengeneze molekuli ya amonia kwa vitu vya nyumbani. Nikapangwa na Zuhura, binti wa muuza machungwa Kariakoo. Kati yetu, mmoja tu angependekezwa kuendelea na sayansi.

Zuhura akaja na chungwa, ndimu tatu na njiti za chelewa. Chungwa, yaani naitrojeni, akaliweka juu. Ndimu, haidrojeni, zikawa miguu mitatu. Ilisimama kama fungu la baba yake: matatu chini, moja juu.

Nikacheka. "We Zuhura, hii kemia, siyo genge la mzee wako. Ubaoni ipo bapa."

"Ubao wenyewe ndio bapa," akasema. "Naitrojeni ina elektroni mbili hazijaungana na mtu. Zipo juu, zinazisukuma ndimu chini."

Sikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mimi ndiye wa kwanza darasani, bwana! Nikailaza yote bapa.

Mwalimu alipokuja kukagua akauliza, "Nani kailaza hii? Imekosewa."

Wakuu, mdomo ulinitangulia. "Zuhura, mwalimu."

Zuhura akaanza kukusanya ndimu zake. (Ningekuwa yeye, kelele zangu zingesikika mpaka Posta.)

Nafasi nikapata mimi, nikaja kuwa mwalimu wa kemia. Yeye akaenda kwenye meza ya baba yake.

Miaka ikapita, siku moja nikapita pale. "Karibu, mwalimu," akasema, akanionyesha fungu. Matatu chini, moja juu. Nikalipa nikaondoka bila kuomba radhi. Niliporudi kuiomba, meza ilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyejua kahamia wapi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mpaka nastaafu nilifundisha amonia kwa chungwa na ndimu tatu. Wanafunzi walinisifu kwa ubunifu, nami nikapokea bila kumtaja Zuhura.

Funzo nililopata: radhi iombe siku ileile. Ukiichelewesha, kosa linaendelea kuzaa.

Anayemfahamu Zuhura wa machungwa amwambie alikuwa sahihi, na kwamba aliyeilaza ni mimi. Nanyi wakuu, nisemeni tu, nimestahili.